Mawe Meupe Katika Beseni

"Maji yaliyokaa kwenye kioo miaka yote hii hayana siri tena." Ndivyo alivyosema Tonton Faustin Jumapili mezani, kijiko mkononi, na nyote mkacheka. Hata wewe, Nabintu, ulicheka, ingawa ulichelewa kidogo kuliko wenzako.

Mwanangu, mjomba wako amekosea. Nimebishana naye tangu nilipomwoa dada yake: juu ya mpira, juu ya siasa za pande zote mbili za mpaka, juu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama inataka mawese au haitaki. Mara nyingi nilibishana kwa utamu wa kubishana tu. Safari hii sina utamu wowote mdomoni. Maji ya mto hayana pa kuficha kitu, yanapita na uchafu wake mchana kweupe. Maji yaliyokaa ndiyo yenye siri. Uliza mvuvi yeyote hapa Kamembe kilichoko chini kabisa ya ziwa letu. Atakuambia ni gesi, imelala huko tangu kabla ya babu zetu, na juu yake watu wanaogelea na kupiga picha. Hakuna anayesema Kivu haina siri kwa sababu imetulia. Faustin mwenyewe hasemi hivyo. Ila akiingia sebuleni kwangu, akiona kioo na samaki, akili anaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Ninakuandikia saa kumi alasiri. Mvua imeshuka upande wa Bukavu, inakuja huku. Umekwenda na mama yako sokoni kutafuta sanduku lenye kufuli inayofunga. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya namba za simu za kushona ndani ya mkoba, ameshakuambia yeye na atakuambia tena kesho kwenye basi likianza kutembea. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Nimeketi mbele ya tangi la samaki. Unalijua kuliko ninavyoweza kulieleza, lakini nitalieleza, kwa sababu nataka na wengine watakaosikia barua hii waliangalie kwa macho yangu. Tulilijenga mimi na mama yako mwaka uliozaliwa, urefu wa mlango, kati ya kabati na dirisha. Chini tulitandaza tope la kijito cha upande wa Rwimbogo, juu yake mchanga, tukapanda majani marefu kama utepe, tukalaza gogo katikati, tukajaza maji ya mvua ya paa letu, kisha tukaleta samaki wadogo wa kijito kilekile. Umri wako ndio umri wa tope hilo. Leo majani yamekuwa msitu, gogo la katikati limelainika kama mkate uliolowa, na nikiinama karibu naona vipovu vikitoka mchangani. Kimoja. Kisha kimya. Kisha kingine. Kama kuna mtu amezikwa pale na bado anapumua. Tangu Jumatatu samaki wamepanda juu, wananing'inia chini ya uso wa maji, midomo wazi, kama hewa imewapungukia. Niliwahi kuwaona samaki wakisimama hivyo mara moja tu maishani.

Kwamba tangi linahitaji kupangwa upya, sibishi. Wakwe wa kaka yako Aganze wanakuja mwisho wa mwezi, na mama yako hataki wakae mbele ya kichaka. Ila unakumbuka jinsi lilivyoamuliwa Jumapili? Mimi nakumbuka kila neno. Faustin alitoa simu, akawaonyesha picha za matangi ya Ulaya.

"Angalia, bofrere, shemeji yangu. Tunatosha bintu byote, tunatupa inje. Tope, majani, byote! Tunasafisha kioo inakuwa mupya. Kisha tunaweka ile mawe yenu meupe, ile Koko anaanikaka nguo juu yake. Mawe muzuri vile inalala bure inje?"

"Na hii mara hakuna wa kutia sabuni ndani," akasema Aganze. "Sabuni anapanda basi!"

"Sabuni anaenda Butare kusafisha batoto ba bantu," akajibu Faustin, na meza nzima ikatikisika.

"Muache mutoto," akasema Koko, bibi yenu, lakini naye alikuwa anacheka.

Nawe ukasema, huku ukikusanya sahani: "Sasa samaki bikikufa mutasingizia nani? Mimi sitakuwepo."

Ulisema kwa mzaha.

Nikasema yale mawe ni mazito, yatapasua kioo. Faustin akapiga kofi mezani: "Papa Aganze! Muandishi mukubwa, anagombana na ba-meya, leo anaogopa mawe!" Kioo chetu kinaweza kubeba mawe hayo mara tatu, ninajua, nilishayaweka. Nilikuwa nimesema uongo wa pili ili kulinda ule wa kwanza. Juzi Faustin aliyachimbua mawe, akayasugua kwa brashi, na sasa yako ndani ya beseni karibu na mlango, meupe kama meno. Amesema ataanza kazi kesho, basi lako likishaondoka tu.

Sasa nikuambie uongo wa kwanza.

Ulikuwa na miaka saba. Mwaka ule nilikuwa moto kuliko sasa. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, na niliviamini vyote vilivyokuwa vikali. Wiki ileile niliandika makala nikiwashambulia watu wanaotengeneza mambo nusu nusu, wanaobandika kiraka juu ya kiraka. Niliandika kwamba kinachooza hakirekebishwi, kinang'olewa chote kwa siku moja. Faustin aliisoma kwa sauti hapa sebuleni na kunipigia makofi. Ndiye aliyekuwa msomaji wangu mkubwa, ingawa hatakubali. Nikaangalia tangi langu, nikaona linaoza. Nikataka kuwaonyesha wote kwamba mimi ninachoandika ninakitenda.

Jumamosi nilikwenda Bugarama kwenye chemchemi ya maji moto, nikarudi na mawe meupe kwenye mfuko wa simenti. Yalikuwa mazuri, yana mashimo madogo kama sega la asali. Nikaingiza mikono yote miwili tangini, nikang'oa kila jani na mizizi yake, nikalichota tope, nikalikoroga, nikalisambaza upya. Harufu ya mayai yaliyooza ikajaa nyumba hadi mama yako akafungua madirisha. Nikaona fahari: angalia uchafu uliokuwa umejificha! Nikapanga mawe kama mlima. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, lakini jioni yalianza kutulia, na mawe yakaonekana yaking'aa humo ndani. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ukaja wewe. Ulikuwa na samaki wako, yule mweusi mwenye doa jeupe shingoni, uliyemwita Padiri. Kila jioni ulikuwa unaingiza mkono ndani, naye anakuja kulala kwenye kiganja chako; sijaona samaki mwingine akimfanyia mtu hivyo. Ulikuwa umetoka kunawa kwa ajili ya chakula. Ukakunja mkono wa gauni, ukamsalimia. Padiri hakuja. Alikuwa amesimama juu, mdomo wazi, pamoja na wenzake wote.

"Papa, Padiri anataka kusema kitu," ukaniambia.

Nilikuambia uende kula.

Asubuhi, tuliporudi kutoka kanisani, walikuwa wamekufa wote. Wamelala ubavu juu ya maji, na Padiri amenasa kati ya mawe yangu mawili. Faustin alikuwa amekuja kula nasi. Koko alikuwepo, mama yako, Aganze. Wote wakasimama mbele ya kioo, kisha wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kuniangalia mimi. Faustin alikuwa tayari amefungua mdomo. Nilijua neno litakalotoka: makala yangu. Nikamwahi.

Nikakuangalia wewe, nikauliza: "Nabintu, jana ulipoingiza mkono, ulikuwa umenawa na sabuni?"

Ukasema: "Ndiyo, Papa."

Basi. Ndivyo nilivyofanya. Sikukushtaki, sikukugombeza. Niliuliza swali tu. Mimi ninayeishi kwa maneno nilijua kwamba shtaka hujibiwa, lakini swali linaloulizwa kwa sauti ya upole mbele ya watu halina pa kujibiwa. Wote wakageuka kukuangalia wewe. Mama yako akasema, "Maskini, mutoto hakujua." Faustin, ili kuondoa huzuni, akakupa jina palepale: Sabuni. Wakacheka, na mimi nikacheka, na makala yangu ikapona. Wewe ulikwenda bombani nyuma ya nyumba ukasuuza mikono. Ukasuuza. Ukasuuza mpaka Koko akaja kufunga maji.

Utasema labda sikujua. Labda hata mimi niliamini ni sabuni. Nilijaribu kuamini kwa siku moja. Jumatatu akapita Maman Nsimire, yule aliyekuwa akituletea samaki wadogo wa sambaza kutoka ng'ambo, akaona mawe niliyoyatoa yamekaa kwenye baraza.

"Papa, hii mawe si ya chokaa? Ulitia hii ndani ya maji ya samaki?" Akacheka hadi akashika ubavu. "Leta ndimu, nikuonyeshe."

Alipokwenda nilikata ndimu nikakamua tone juu ya jiwe. Likatoa povu, likanung'unika kama kitu kinachoungua. Nikajifungia jikoni na kitabu, na safari hii nilisoma kwa kuogopa. Katika tangi la zamani uchafu wa samaki hujikusanya polepole, na maji huwa na ukali kama wa ndimu, kidogo kidogo, nao samaki huzoea. Ukali huohuo ndio unaoushika uchafu usidhuru. Ukitia chokaa ghafla, ukali unakwisha, na uchafu uliokuwa umelala unageuka sumu ya wazi. Nami nilikuwa nimekoroga na tope lote juu yake. Kidole chako chenye harufu ya sabuni hakingeua hata konokono. Samaki walikuwa wanakufa kabla hujakunja mkono wa gauni.

Nilijua Jumatatu, saa nne asubuhi. Ulikuwa shuleni. Ningeweza kukusubiri mlangoni. Niliyabeba mawe nikayatupa nyuma ya migomba, nikalitandaza tena tope lilelile tangini, nikapanda majani, nikaenda kijitoni kuchota samaki wengine. Na yale mawe yamekaa pale miaka kumi na miwili, Nabintu. Koko anaanika nguo juu yake. Wewe umekaa juu yake ukichambua maharagwe na kujifunza masomo yako. Nilikuwa ninakuona kutoka dirishani, umeketi juu ya ushahidi, nami nikarudi mezani kuandika juu ya ukweli.

Nimewashambulia watu wengi kwa kalamu. Nimeandika juu ya viongozi wanaokataa kusema "nilikosea", na watu walinisimamisha njiani kunipa mkono. Tafuta katika yote niliyochapisha mahali nilipoandika neno hilo juu ya nafsi yangu. Usihangaike. Hakuna.

Nilijiambia ni jambo la mtoto, litasahaulika. Wewe hukusahau. Tangu siku ile hujaingiza mkono kwenye maji yale. Unafuta vumbi kwenye kifuniko, unawalisha kwa kijiko, mkono ukiwa mbali kama unalisha mbwa usiyemjua. Samaki wapya hukuwapa majina. Nikiona hivyo nilikuwa naondoka chumbani.

Lakini kilichonitisha si hicho. Kilichonitisha ni pasi.

Ulikuwa kidato cha tatu, bwenini. Mtu aliacha pasi ya umeme juu ya godoro, likaungua. Niliitwa. Masera, mtawa msimamizi wa bweni, aliniambia umekiri mwenyewe, bila kulazimishwa, na kwamba angalau mtoto wangu ni mkweli. Nililipa godoro. Wiki mbili baadaye msichana mwingine akaenda kulia kwa Masera: ni yeye. Ulipokuja likizo nikakuuliza kwa nini ulikubali kosa lisilo lako. Ulikuwa unamenya viazi. Hukuinua hata kichwa.

"Masera aliuliza nani. Bote banyamaza, banakaa kuniangalia. Nikaona heri ikwishe, Papa."

Ukaendelea kumenya. Nikasimama pale mlangoni pa jikoni, nikaona kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimekufundisha la kufanya watu wote wanapogeuka kukuangalia. Nilikufundisha mara moja tu, na ulishika vizuri kuliko masomo yote niliyokusimamia kwa daftari.

Na kesho unakwenda kusomea ukunga.

Hii ndiyo hofu yangu, nakupa bila kuipamba. Utafanya kazi mahali watu wanapozaliwa na mahali watu wanapokufa. Siku moja, si lazima iwe karibu, mtoto atafia mikononi mwa watu watatu, na wewe utakuwa mdogo kuliko wote. Kutakuwa na ukimya kama ule wa sebuleni. Kisha mkubwa wenu, mtu msomi, mwenye sauti nzuri, mtu anayeheshimiwa, labda mtu anayekupenda, atakugeukia na kuuliza swali dogo kwa upole. Je, ulipima? Je, ulikuwa umenawa? Nawe utasema ndiyo, au utasema samahani, kwa sababu ni heri ikwishe. Haitakwisha. Wataandika jina lako kwenye karatasi na kuiweka kabatini, na wewe utasuuza mikono bombani maisha yako yote.

Simwogopi jambazi wa stendi. Mama yako anamwogopa, anatosha. Ninamwogopa mtu kama mimi. Tuko kila mahali, hatuna alama usoni, na tunaongea vizuri. Kwa hiyo nikupe kitu kimoja cha kutujua: anayetafuta ukweli huuliza watu wote, na huanza na yeye mwenyewe. Anayetafuta pa kujifichia huuliza mtu mmoja, naye ni mdogo kuliko wote chumbani. Ukiulizwa hivyo, usijibu haraka. Acha ukimya ukae, hata ukiuma. Kisha muulize: na wewe, saa ile, ulikuwa unafanya nini? Kama siku ile ungekuwa na umri wa kuniuliza hivyo, ningekuwa mtu mwingine leo.

Na ukikosa kweli, kwa sababu utakosa, sema siku hiyohiyo. Nakuambia kama mtu aliyesubiri. Siku ya kwanza lilikuwa neno moja. Leo ni kurasa hizi zote, na bado sijui kama litatosha. Inawezekana ukishasoma hutataka kurudi nyumba hii likizo. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Ningeweza kuzuia mawe kesho kwa uongo wa tatu. Nilishautunga, ulikuwa mzuri. Ningesema nimeyauza. Samaki wangepona, na wewe ungeondoka ukiwa Sabuni, ukilivaa jina hilo kama kitambulisho mpaka kwenye hiyo wodi. Sikuweza. Au niseme ukweli: nilikuwa naweza kabisa, na hilo ndilo lililonitisha hadi nikachukua kalamu.

Mvua imefika. Inapiga bati, na samaki wamebaki palepale juu. Kipovu kingine kimetoka.

Kesho, kama desturi ya nyumba hii mtu anapoondoka, tutakunywa chai pamoja, tutaomba, na kila mmoja atakupa neno lake la safari. Zamu yangu ikifika sitasema kitu. Nitakupa barua hii, nawe utaisoma kwa sauti, yote, mbele ya Koko, mama yako, Aganze na Tonton Faustin. Usiruke mahali ili kunihifadhi. Nitakuwa nimeketi pale, mnigeukie mimi.

Wewe Faustin, ukisikia hapa, inuka sasa hivi uchukue lile beseni ulirudishe nyuma ya migomba. Kama huniamini, ndimu ziko jikoni. Tangi tutalipanga upya, mimi na wewe, robo moja kwa mwezi, kwa kukata majani bila kung'oa mizizi, na kwa kuacha maji ya zamani yawe mengi kuliko mapya. Wakwe watakuta kichaka nusu. Wakiuliza, mimi nitajibu.

Wewe Aganze, na wewe Koko, na wewe mama yake: jina lile lilikuwa langu. Kuanzia asubuhi hii mtu asimwite hivyo tena. Mkitaka kucheka, niiteni mimi Sabuni, nitaitika.

Na wewe Nabintu, kabla hujavaa viatu, njoo kwenye tangi. Kunja mkono wa sweta, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kaa hivyo hadi mmoja wao akusogelee.

Usinawe kwanza.